Akothee na mashabiki wa nyumbani: Nani mwenye haki ya kumwelekeza mwimbaji?

MTAJE Akothee ndani ya matatu inayotoka Rongo kuelekea Homa Bay na safari itakuwa fupi. Mmoja atasema huyo ndiye aliyelipeleka jina la Migori mbele ya macho ya Afrika. Mwingine atadai kuwa alizitupa ngoma za kwao. Wa tatu atauliza ni wimbo gani hasa wa Akothee ambao wenzake wanaweza kuuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mjadala huu si wa kupitisha wakati tu. Ndani yake mna swali ambalo limewasumbua wanamuziki wa eneo la Nyanza Kusini kwa miongo mingi. Mwimbaji akishavuka mipaka ya kwao, ni nani mwenye haki ya kumwambia aimbe nini, kwa lugha gani na kwa mtindo upi?

Ili kulielewa swali hili, haitoshi kuzitazama video za mwanamuziki huyo na kuhesabu waliozitazama. Yafaa kwanza kufahamu jinsi wapenzi wa muziki wa Migori na Homa Bay walivyozoea kutoa hukumu zao, na bei waliyoilipa ili hukumu hizo zisikike.

Kutoka Rongo hadi majukwaa ya nje

Akothee, ambaye jina lake kamili ni Esther Akoth Kokeyo, alizaliwa mwaka wa 1983 na kulelewa Migori. Kabla ya kujulikana kama mwimbaji aliwahi kushika usukani mjini Mombasa akitafuta riziki, jambo ambalo yeye mwenyewe amelisimulia hadharani mara nyingi.

Umaarufu wake ulipanda katika muongo wa 2010. Alishirikiana na Diamond Platnumz wa Tanzania katika kibao 'Sweet Love', na Flavour wa Nigeria katika 'Give It to Me'. Kibao 'Yuko Moyoni' nacho kilimtambulisha kwa wasikilizaji wa Kiswahili.

Jambo moja linajitokeza katika orodha hiyo. Hakuanza kwa kushinda mapenzi ya wapenzi wa benga au ohangla, kisha akatoka nje. Alielekea moja kwa moja kwenye muziki wa kisasa wa vijana, wenye midundo inayofahamika Lagos, Dar es Salaam na Nairobi.

Sambamba na muziki, alijijengea sifa nyingine. Alijiita rais wa akina mama wanaolea watoto peke yao, akafungua shule Rongo, na mwaka wa 2022 akahitimu katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya baada ya masomo yaliyokatizwa kwa miaka mingi. Kwa wengi wa wanaomfuata, haiwezekani kuutenga wimbo na maisha ya mwimbaji.

Kambi tatu

Wanaojadili mwelekeo wa Akothee wanaweza kugawanywa katika kambi tatu.

Kambi ya kwanza ni ya wanaosikitika. Hoja yao ni kwamba eneo lililojaa wapiga gitaa, wapiga nyatiti na waimbaji wa mafumbo lilistahili kusikika ndani ya nyimbo za binti yake. Wanasema mdundo wa Nigeria unaweza kuimbwa na mtu yeyote kutoka mahali popote, lakini kuna sauti ambayo ni mtu wa huku pekee awezaye kuitoa.

Kambi ya pili ni ya wanaojivunia. Hao hushikilia kwamba wanamuziki wengi hodari wa eneo hili walikufa wakiwa maskini, wakijulikana katika kumbi za pwani ya Ziwa Viktoria peke yake. Aliyethubutu kutoka na kugharimia video zake kwa mfuko wake anastahili pongezi, hata kama hakubeba nyatiti mgongoni.

Kambi ya tatu hutazama kazi yenyewe. Malalamiko yao ni kuwa habari za mwimbaji zimeufunika wimbo wake. Mavazi, safari, ndoa na majibizano mitandaoni huzungumzwa kwa wiki kadhaa, ilhali kibao kipya huzungumzwa siku mbili. Wanataka sauti ipimwe kama sauti, na utunzi kama utunzi.

Kila kambi ina sehemu yake ya ukweli. Hata hivyo, zote tatu zina dhana moja inayofanana: kwamba msikilizaji ana haki ya kusema. Dhana hiyo haikuanza na simu za mkononi.

Msikilizaji aliyesimamisha ngoma

Katika utamaduni wa Waluo, muziki haukuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali huku watu wakipiga makofi mwishoni. Mpiga nyatiti, ala yenye nyuzi 8, alipoketi kutumbuiza kwenye matanga, harusi au karamu ya pombe, waliomzunguka walikuwa sehemu ya shughuli hiyo.

Msikilizaji angeweza kumsimamisha. Angetoa pesa, kisha ajisifu kwa lugha ya mafumbo, au awasifu rafiki zake, wakwe zake, ukoo wake ama mpenzi wake. Alipomaliza, nyuzi zililia tena hadi mwingine asimame. Desturi hiyo huitwa pakruok.

Mwanamuziki mahiri hakuyaacha maneno hayo yapotee hewani. Aliyachukua, akayapanga upya na kuyatia ndani ya wimbo. Ndiyo maana nyimbo nyingi za eneo hili zimejaa majina ya watu halisi, vijiji vyao na sifa zao. Bendi za benga ziliirithi desturi hiyo, na wapigaji wa ohangla wakaiendeleza.

Pakruok ilimfundisha msikilizaji mambo mawili. La kwanza ni kwamba yeye ni mshiriki katika utunzi, si mgeni. Wimbo wa jana ungeweza kugeuzwa leo kwa sababu ya neno alilolisema.

La pili ni kwamba kauli ina gharama. Kilichompa mtu nafasi ya kusikika ni sarafu aliyoitoa mbele ya watu. Aliyesema vizuri alishangiliwa. Aliyesema ovyo alitoka amepoteza pesa na heshima pia.

Kwa hiyo shabiki wa Migori anaposema Akothee abadilishe mwelekeo, haongei kama mtu anayeingilia yasiyomhusu. Anazungumza kama mrithi wa mtu aliyekuwa akiusimamisha muziki. Tofauti ni kwamba siku hizi muziki hausimami, na sarafu haitolewi.

Ugomvi wa zamani katika nguo mpya

Anayedhani kwamba Akothee ni wa kwanza kulaumiwa kwa kuchanganya mitindo na lugha hana budi kurejea nyuma kidogo.

Benga yenyewe, ambayo leo hutetewa kama urithi, ilikuwa jambo geni ilipochomoza. Vijana waliichukua gitaa, ala iliyotoka nje, wakaifundisha kulia kwa mtindo wa nyatiti. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 mtindo huo ulikuwa umeteka Nyanza na kuvuka mipaka yake.

Mmoja wa vigogo wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka wa 1940 Shirati, ng'ambo ya mpaka katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, si mbali na Migori. Bendi yake ya Shirati Jazz ilipata makao na jina nchini Kenya. Misiani aliimba kwa mafumbo yaliyogusa siasa, na mara kadhaa mafumbo hayo yalimtia mashakani mbele ya wenye mamlaka. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei mwaka wa 2006.

Ochieng Kabaselleh naye alichanganya Dholuo, Kiswahili, Kilingala na Kiingereza katika nyimbo zake na bendi ya Luna Kidi. Hata jina lake la jukwaani linaukumbusha muziki wa Kongo. Alifariki mwaka wa 1998, na leo hakuna anayemhesabu kuwa aliyewasaliti watu wake.

Katika miaka ya 1990, Okatch Biggy na Heka Heka waliipeleka benga kwenye masimulizi ya mapenzi yaliyotaja wanawake kwa majina. Biggy aliaga dunia mwaka wa 1997, lakini namna yake ya kuimba iliwaathiri wengi waliomfuata.

Kisha kukaja zamu ya ohangla. Ngoma hiyo, iliyochezwa kwa seti ya ngoma za mikono pamoja na orutu, fidla ya uzi mmoja, ilihesabiwa na wengi kuwa ya watu wazima kwa sababu ya maneno yake makali. Katika miaka ya 2000, Tony Nyadundo aliitoa vijijini na kuifikisha katika kumbi za Nairobi, ambako ilichezwa hata na watu wasiojua neno moja la Dholuo.

Kinanda cha umeme kilipozidi kuchukua nafasi ya orutu na baadhi ya ngoma, malalamiko yakarudi yale yale. Wapo waliosema ohangla imekufa. Wapo waliosema imekua. Kizazi kilichofuata kilikikuta kinanda tayari kimo ndani ya ohangla na kukiona kuwa kitu cha kawaida.

Funzo hapa ni kwamba kila kizazi hutetea kama asili kile ambacho kizazi kilichotangulia kilikiona kuwa kigeni. Hilo halina maana kwamba kila badiliko ni jema. Maana yake ni kwamba ugeni pekee haitoshi kuwa kosa.

Hofu ya lugha ina msingi

Hata hivyo, wanaodai nyimbo za Dholuo hawapaswi kudharauliwa. Watu wa eneo hili wamejionea jinsi lugha inavyoweza kufifia mbele ya macho ya wenyewe.

Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na sehemu za bara zinazovizunguka huko Homa Bay, jamii ya Abasuba ilihamia taratibu kwenye Dholuo hadi lugha yao ikawa miongoni mwa zile zinazohofiwa kutoweka. Hakuna aliyeipiga marufuku. Watoto walianza kucheza, kuuza samaki na kuimba kwa lugha ya majirani waliokuwa wengi zaidi.

Mzazi anayejua historia hiyo akiwasikia watoto wake wakiimba kwa lugha za mbali pekee, ana sababu ya kuuliza maswali.

Lakini Migori si kaunti ya lugha moja. Waluo, Wakuria, Wagusii, Waluhya na Wasomali hukutana katika masoko yake, na mpaka wa Isebania hupitisha watu na bidhaa za Tanzania kila siku. Kiswahili hapa si lugha ya kuazima kutoka Mombasa. Ni lugha ya bei, ya nauli na ya salamu kati ya majirani. Mwimbaji wa Migori anayeimba Kiswahili anaimba lugha inayosikika barabarani mwake.

Mizani ya mwanamke

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi hunyamaziwa. Akothee hukosolewa kwa mizani ambayo wanamuziki wa kiume hawakuwekewa.

Mwaka wa 2019, Ezekiel Mutua, ambaye wakati huo alikuwa afisa mkuu mtendaji wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini (KFCB), aliyakosoa hadharani mavazi na uchezaji wake jukwaani. Akothee hakunyamaza, na majibizano hayo yaliwagawanya mashabiki. Wapo waliokubali kwamba mama wa watoto hapaswi kucheza hivyo mbele ya umati. Wapo waliouliza ni baba yupi wa watoto aliyewahi kuulizwa swali kama hilo.

Swali hilo la pili lina uzito. Waimbaji wa ohangla wa kiume wameimba kwa miaka mingi maneno ambayo mzazi huona haya kuyafasiri mbele ya watoto. Waliambiwa ni wacheshi, ni mafundi wa lugha. Mwanamke anapotumia mwili wake jukwaani kama wao wanavyotumia ulimi, huambiwa ameliaibisha kabila zima.

Hii haimlazimu mtu kuupenda uchezaji wake. Msikilizaji ana uhuru wa kuona kuwa umepita kiasi. Anachodaiwa ni usawa: kipimo atakachomwekea Akothee, amwekee pia mwanamume anayempigia makofi.

Kisa cha Lady Maureen kinatufunza zaidi. Mwimbaji huyo wa Migori alifanya kile ambacho kambi ya kwanza ya mashabiki hukidai. Alibaki nyumbani. Aliimba ohangla kwa Dholuo, katika uwanja uliotawaliwa na wanaume, hadi akaitwa malkia wa ohangla.

Alipougua kwa muda mrefu, wito wa kumchangia gharama za matibabu ulitolewa hadharani. Alifariki mwaka wa 2022. Malkia ambaye nyimbo zake zilichezwa katika harusi na kumbi nyingi hakuwa na akiba ya kutosha ya kumtibu.

Mashabiki wanaomtaka Akothee arudi kwenye ngoma za nyumbani wanapaswa kukikumbuka kisa hicho kabla ya kumshangaa kwa kutafuta soko la nje.

Pesa hutoka wapi?

Hapa ndipo mjadala wa sanaa unapogeuka kuwa mjadala wa tumbo.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti za Migori na Homa Bay zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 kila moja. Waluo wote nchini walikuwa takriban milioni 5. Hilo ni soko kubwa iwapo kila msikilizaji atalipa kitu. Lakini wengi hawalipi.

Enzi za sahani za santuri na kanda, mwanamuziki aliuza kitu kinachoshikika, japo wachapishaji wengi walimpa sehemu ndogo tu. Zilipokuja CD, maduka ya mjini yalianza kunakili nyimbo kwa bei ya chini bila idhini. Baadaye flashi na kadi za simu zikairahisisha kazi hiyo zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ipo, na Bodi ya Hakimiliki nchini (KECOBO) ipo, lakini nyimbo zimeendelea kunakiliwa.

Njia zilizobaki kwa mwimbaji wa eneo hili ni maonyesho ya ukumbini, harusi na matanga, mikutano ya wanasiasa, milio ya simu ya Skiza ambayo mwimbaji hupata sehemu tu ya mapato yake, mirabaha ya redio, na matangazo ya YouTube. Njia hiyo ya mwisho hulipa kulingana na wingi wa watazamaji.

Basi hesabu ni nyepesi. Wimbo wa Dholuo huwatafuta watu milioni chache. Wimbo wa Kiswahili huwatafuta mamilioni mengi kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Wimbo uliochanganywa na mwanamuziki wa Nigeria hutafuta bara zima. Mwimbaji anayezigharimia video zake mwenyewe ataelekea kunakoweza kuzirudisha gharama hizo.

Kwa maneno mengine, mwelekeo wa msanii hauamuliwi na ladha yake peke yake. Huamuliwa pia na anayelipa. Ikiwa nyumbani hakuna anayelipa, sauti ya nyumbani itapungua ndani ya wimbo.

Jinsi ya kuhukumu kwa haki

Hapa nchini hakuna wahakiki wengi wa muziki wanaoandika kwa utaratibu, hasa kuhusu nyimbo za mikoani. Kazi hiyo imeachiwa mashabiki, na hiyo si aibu. Mashabiki wa Nyanza Kusini wamekuwa wahakiki tangu zama za nyatiti. Kinachotakiwa ni uhakiki wao uwe na uzito.

Kwanza, wimbo usikilizwe kabla ya mwimbaji kuhukumiwa. Anayesema Akothee hana utunzi ataje kibao, aseme ni ubeti upi uliokosa nguvu, ni wapi sauti ilipozidiwa na ala. Anayemsifu naye afanye vivyo hivyo. Kusema tu kwamba ni wetu si sifa ya wimbo.

Pili, msanii apimwe kwa jambo alilokusudia. Kibao cha kuchezesha watu ukumbini hakilaumiwi kwa kukosa mafumbo ya Misiani, kama vile mtumbwi haulaumiwi kwa kukosa magurudumu. Ila kisipowachezesha watu, hapo lawama ni halali.

Tatu, maisha ya faragha yaachwe pale ambapo hayaugusi muziki. Kwa upande huu, hata msanii ana wajibu wake. Anayeyaweka maisha yake mbele kila siku asishangae kuona wimbo wake umebaki nyuma. Katika hoja hii, kambi ya tatu haijakosea.

Nne, na hili ndilo kubwa, anayetaka kumwelekeza mwimbaji akubali kuchangia safari. Mtu aliyenakili wimbo bure kwenye simu, hakulipa kiingilio wala kununua mlio wa Skiza, ana uhuru wa kusema kama raia mwingine yeyote. Lakini hawezi kudai kiti cha mzee aliyeusimamisha muziki, kwa kuwa mzee huyo alitoa pesa kabla ya kufungua kinywa.

Wapo watakaosema kwamba hali ni ngumu, na kwamba kijana wa Mbita anayeuza omena au wa Nyatike anayechimba dhahabu hana pesa za kutupia wanamuziki. Ni kweli. Lakini pakruok haikuwa ya matajiri peke yao. Sarafu ndogo ilitosha, mradi itolewe mbele ya watu na iandamane na neno lililofikiriwa.

Akothee ataendelea kupendwa na kulaumiwa, na huenda mashabiki wake wa nyumbani wasikubaliane kamwe. Hilo halina madhara. Kinachotisha ni siku ambayo msichana mwingine wa Rongo au Ndhiwa, mwenye sauti nzuri na mafumbo ya nyanyake kichwani, atakapopiga hesabu na kuona kwamba nyumbani kuna washauri wengi na wanunuzi wachache.

Msichana huyo akiondoka na kuimba kwa lugha nyingine, lawama isianzie kwake.